Herufi U na Upepo wa Nyota: Historia ya Eksirei za Angani kutoka Ngomeni hadi Kigali

Katika vitabu vya falaki vinavyotumika leo ulimwenguni kote, mamia ya vyanzo vya eksirei vilivyoko angani hutajwa kwa namba zinazotanguliwa na alama 4U, na wengi wa wanaoiandika alama hiyo kila siku hawafahamu kwamba herufi yake ni ufupisho wa neno la Kiswahili. Neno hilo ni uhuru, nalo lilikuwa jina la setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Historia ya elimu hiyo kwa kawaida husimuliwa kama historia ya maabara za Marekani na Ulaya, na pwani ya Afrika Mashariki hupewa ndani yake sentensi moja tu, tena ya pembeni. Makala hii inafuata tawi moja la elimu hiyo, yaani uchunguzi wa eksirei zitokazo katika nebula za sayari na katika upepo wa nyota zilizo katikati ya nebula hizo. Tawi hilo linaonyesha waziwazi kile ambacho pwani hiyo iliupa ulimwengu na kile ambacho vyombo vyake vya mwanzo havikuweza kukiona, na linaeleza pia kwa nini mji kama Kigali, uliopo karibu na ikweta kama Ngomeni, una nafasi leo katika sehemu ya kazi ambayo mwaka 1970 haikufanyika Afrika, nayo ni kazi ya kuzisoma data zenyewe.

Jina lisilofanana na mwenye jina

Jina "nebula ya sayari" ni kosa la kale lililozoeleka hata likashindikana kurekebishwa. William Herschel, mwanamuziki mzaliwa wa Hanover aliyehamia Uingereza na kugeuka mwanafalaki, aliigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, na katika miaka iliyofuata, alipokuwa akiipekua anga kwa darubini ambazo vioo vyake alivisugua kwa mikono yake mwenyewe, alikutana na madoa ya mviringo yenye rangi hafifu ya kijani yaliyomkumbusha sayari ile, akayaita kwa jina hilo. Nebula ni neno la Kilatini lenye maana ya ukungu au wingu. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliupitisha katika prizimu mwanga wa nebula moja ya aina hiyo, ile iliyoorodheshwa kuwa NGC 6543 na ambayo baadaye ilipewa jina la Jicho la Paka, akakuta kwamba mwanga huo haukutandazika katika rangi zote za upinde wa mvua kama ufanyavyo mwanga wa nyota, bali ulijikusanya katika mistari michache myembamba, jambo lililothibitisha kwamba alichokuwa akikitazama ni gesi tupu. Mstari mkali wa kijani ulikataa kulingana na elementi yoyote iliyojulikana, na kwa miongo kadhaa wataalamu waliusingizia elementi ya kubuni waliyoiita nebuliamu, hadi Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba unatokana na oksijeni ya kawaida iliyopokonywa elektroni mbili, ndani ya gesi nyepesi kupita ombwe lolote lililokuwa limetengenezwa katika maabara hadi wakati huo.

Nebula za sayari, basi, hazina uhusiano wowote na sayari. Ni mabaki ya nyota zinazomaliza maisha yake. Nyota ambayo uzito wake hauzidi takriban mara 8 ya uzito wa Jua, ikishatumia hidrojeni iliyomo katika kiini chake, huvimba ikawa jitu jekundu, na tabaka zake za nje huanza kumwagika angani kwa kasi ndogo ya kilomita 10 au 20 kwa sekunde. Kiini kinachoachwa uchi hupanda joto hadi kufikia nyuzi 100,000 na zaidi, na mwanga wake mkali wa urujuanimno, yaani ule ulio nje ya uwezo wa jicho upande wa rangi ya urujuani, huiwasha gesi iliyokwisha kutoka, ikang'aa kama taa. Mng'ao huo hudumu miaka 10,000 au 20,000 hivi, muda ambao katika umri wa nyota ni sawa na kufumba na kufumbua. Kisha gesi hutawanyika, na kiini hupoa polepole kikawa kibete cheupe, yaani nyota ndogo yenye ukubwa wa Dunia na uzito unaokaribia ule wa Jua. Jua lenyewe litapitia hatua hizo baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Mtiririko wa gesi unaotoka katika uso wa nyota huitwa upepo wa nyota, na jina hili, tofauti na lile la nebula, halikukosewa. Kama ilivyo kwa kaskazi na kusi, pepo mbili ambazo kwa karne nyingi ziliendesha biashara ya mwambao, upepo wa nyota hutambuliwa kwa mambo mawili, yaani kasi yake na wingi wa kile unachokibeba, na historia yote inayofuata imejengwa juu ya tofauti ya mambo hayo mawili.

Mlango uliofungwa na hewa

Eksirei, ambazo Wilhelm Röntgen alizigundua mwaka 1895, zinajulikana na kila aliyewahi kupigwa picha ya mfupa hospitalini, na kwa kuwa hupenya nyama ya mwili ni rahisi kudhani kwamba hupenya kila kitu. Ukweli ni kwamba hewa iliyoizunguka Dunia, ijapokuwa nyepesi, ni nyingi kiasi cha kulingana kwa uzito na tabaka la maji lenye kina cha mita 10, na hakuna eksirei kutoka angani inayoweza kulipita tabaka hilo ikafika ardhini. Hata juu ya kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507 na ambacho ndicho kirefu kuliko vyote nchini Rwanda, zaidi ya nusu ya hewa yote bado iko juu ya kichwa cha mtazamaji. Kwa sababu hiyo elimu ya eksirei za angani haikuweza kuanza kabla ya roketi. Mwaka 1949 vyombo vilivyobebwa na roketi za V-2 vilithibitisha kwamba Jua hutoa eksirei, na tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, alirusha roketi ndogo ambayo kwa muda usiofika dakika 6 juu ya hewa ilikuta chanzo kikali cha eksirei katika kundi la nyota la Nge, mbali kabisa na Jua. Ugunduzi huo ndio uliomletea Giacconi sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, lakini wakati ule ulileta tatizo kuliko jibu, kwa maana anga lote halingeweza kupekuliwa kwa vipande vya dakika 6. Kilichohitajika ni setilaiti.

Hapo ndipo ikweta ilipoingia katika hesabu, tena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya nguvu: Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na ardhi iliyo kwenye ikweta huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayorushwa kutoka hapo kuelekea mashariki huondoka ikiwa tayari imepewa kasi hiyo bure na inaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Ya pili, ambayo kwa eksirei ni nzito zaidi, ni ya usafi wa vipimo: Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye umeme zilizonaswa na usumaku wake, na mikanda hiyo hushuka chini kabisa juu ya Atlantiki ya kusini, upande wa Brazili, ambapo setilaiti inayopita hufurikwa na chembe hizo hata vigunduzi vyake vishindwe kutofautisha eksirei na kelele. Setilaiti inayofuata ikweta kwa karibu hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa.

Aliyeitambua faida hiyo mapema na kuijengea mahali ni Luigi Broglio, mhandisi na ofisa wa jeshi la anga la Italia aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Chini ya makubaliano kati ya Italia na Marekani ya mwaka 1962, Broglio alianzisha mpango wa San Marco, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa kutoka Marekani mwezi Desemba 1964, na wakati huohuo alisimamisha katika maji ya Ghuba ya Ungwana, takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, majukwaa ya chuma yaliyokita miguu yake katika sakafu ya bahari. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia roketi. La pili, Santa Rita, lilikuwa la waongozaji, na yote mawili yaliunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji ili roketi ikipasuka isiwaue wanaoiongoza. Mbele yake kulikuwa na Bahari ya Hindi tupu, pasipo mji wala kijiji ambacho masalia ya roketi yangeweza kukiangukia. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka hapo kwa roketi ya Scout, chombo chembamba cha hatua nne kinachotumia fueli ngumu, na kwa mara ya kwanza setilaiti ikawa imerushwa kutoka pwani ya Kenya.

Mizunguko juu ya ikweta

Setilaiti iliyoletwa Ngomeni mwishoni mwa mwaka 1970, msimu wa kaskazi ukianza, ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi na katika makabrasha ya Marekani iliitwa setilaiti ndogo ya falaki namba 1. Marjorie Townsend aliusimamia mradi wake katika kituo cha anga cha Goddard nchini Marekani, na kundi la Giacconi ndilo lililounda vyombo vyake. Ilipofika angani salama ilipewa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya ukarimu wa watu wa Kenya. Vyombo vyake, vikitazamwa kwa jicho la leo, vilikuwa vya kawaida sana. Kila upande wa setilaiti ulikuwa na kigunduzi cha gesi chenye eneo la sentimita za mraba 840, kupita kidogo ukubwa wa karatasi ya kuandikia barua, na mbele yake kulikuwa na mirija myembamba iliyofungwa pamoja kama tita la mianzi, kazi yake ikiwa ni kuzuia eksirei zozote zisizotoka moja kwa moja mbele. Haikuwa na kioo wala lenzi, na haikupiga picha. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, ikihesabu eksirei zilizoingia katika kila ukanda wa anga, na mahali pa chanzo palikadiriwa kutokana na wakati ambapo hesabu ilipanda na kushuka.

Obiti yake iliinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta, katika kimo cha kilomita 500 na kitu, na mzunguko mmoja uliichukua dakika 96. Kigali, ambayo ipo chini kidogo ya nyuzi 2 kusini, ilikuwa karibu kabisa na njia hiyo. Kwa kuwa Dunia nayo hujizungusha kuelekea upande uleule, Uhuru ilipita katika anga la Kigali takriban mara 14 kwa siku, mchana na usiku, kwa zaidi ya miaka miwili ambayo vyombo vyake vilifanya kazi, hadi Machi 1973. Hata hivyo, hesabu ilizozikusanya hazikusomwa Kigali, wala Nairobi, wala Dar es Salaam. Zilipelekwa Marekani, ambako wataalamu wa Cambridge katika jimbo la Massachusetts walizigeuza kuwa orodha zilizotolewa kwa awamu, ya nne na ya mwisho ikiwa ni ile ya mwaka 1978 yenye vyanzo 339, ambayo ndiyo iliyoieneza alama ya 4U.

Yaliyomo katika hesabu hizo yaliibadilisha fizikia. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilionekana kupiga kama mshipa wa moyo kila baada ya sekunde 4.8, na ikadhihirika kwamba ni nyota ya nyutroni inayoizunguka nyota nyingine na kuinyonya gesi yake. Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Mfano unaoigusa zaidi mada hii ni 4U 1700-37, ambamo kitu kidogo na kizito huizunguka nyota kubwa ya buluu kila baada ya siku 3.4 na hujilisha kwa upepo unaovuma kutoka katika nyota hiyo, nao upepo huo unapoangukia juu yake hupata joto na kutoa eksirei. Upepo wa nyota uliingia katika elimu ya eksirei kwa mlango huo, na mlango huo ulifunguliwa kutoka Ngomeni.

Kilichokuwa nje ya uwezo wa Uhuru

Pamoja na hayo, orodha ya 4U haikuleta habari yoyote ya upepo wa nyota zilizo katikati ya nebula za sayari, na sababu yake inaeleweka kwa mfano wa sauti. Kama ngoma kubwa na filimbi zinavyotofautiana kwa uzito na wembamba wa sauti, eksirei hutofautiana kwa nishati, na kipimo chake ni kiloelektronivolti, yaani nishati ambayo elektroni moja huipata ikisukumwa na umeme wa volti 1,000. Uhuru ilisikia eksirei za kuanzia kiloelektronivolti 2 hadi 20, ambazo hutoka katika gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, ilhali gesi iliyomo ndani ya nebula za sayari, kama ilivyokuja kugunduliwa baadaye, ina joto la nyuzi milioni 1 hadi 3, na karibu eksirei zake zote ziko chini ya kiloelektronivolti 1. Isitoshe, eksirei laini za namna hiyo ni hafifu na humezwa kwa urahisi na gesi iliyotanda kati ya nyota, na nebula nyingi huonekana ndogo angani kiasi kwamba chombo kisichopiga picha hakiwezi kutenganisha nyota na wingu lake.

Hatua ya kwanza kuelekea huko nayo ilipigwa kutoka Ghuba ya Ungwana. Baada ya Uhuru, jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti ya pili ya mfululizo wa setilaiti ndogo za falaki mwezi Novemba 1972, ambayo ilikuwa ya miale ya gama, kisha Ariel V ya Uingereza tarehe 15 Oktoba 1974, na tarehe 7 Mei 1975 SAS-3, ya tatu ya mfululizo huo, iliyobeba pia vigunduzi vya eksirei laini. SAS-3 ndiyo iliyogundua kwamba HZ 43, kibete cheupe chenye joto kali, hutoa eksirei laini, habari zilizochapishwa mwaka 1976. Kibete cheupe cha namna hiyo ni kiini kilichowahi kuwa katikati ya nebula ya sayari, nebula yenyewe ikiwa imekwisha kutawanyika. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajaiona eksirei ya nebula ya sayari, setilaiti iliyoondoka Ngomeni ilikuwa imekwisha kuiona eksirei ya hatua inayofuata katika maisha ya nyota hiyohiyo.

Upepo unaoufukuza upepo

Mwaka 1978 ulileta mambo matatu kwa pamoja. Mwezi Januari ilirushwa setilaiti ya IUE ya kuchunguza mwanga wa urujuanimno, ikaonyesha kwamba nyota nyingi zilizo katikati ya nebula za sayari huvumisha upepo mwembamba lakini wa kasi ya ajabu, kuanzia kilomita 1,000 hadi karibu 4,000 kwa sekunde, unaosukumwa na mwanga wa nyota yenyewe pale atomu za gesi zinapoumeza mwanga huo na kupigwa kumbo mbele. Mwaka huohuo Sun Kwok na wenzake wawili walichapisha wazo la pepo zinazogongana: upepo mzito wa polepole uliotangulia kutoka wakati nyota ilipokuwa jitu jekundu hufikiwa na upepo mwepesi wa kasi unaotoka baadaye, na upepo wa nyuma huurundika ule wa mbele kama tingatinga linavyorundika udongo, likatokea ganda jembamba linalong'aa ambalo ndilo nebula. Wazo hilo liliondoa dhana ya kwamba nyota hulitoa ganda lake kwa mlipuko mmoja, na lilikuja na utabiri unaoweza kupimwa: upepo wa kasi ukigonga ganda lazima usimame ghafla, na mwendo wake ugeuke kuwa joto, hivyo ndani ya kila nebula kunapaswa kuwa na povu la gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi inayotoa eksirei. Mwezi Novemba, hatimaye, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Einstein, ya kwanza kupiga picha kamili za eksirei za anga la mbali kwa kutumia vioo. Eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso humezwa, lakini ikikipitia kwa ubavu huteleza kama kijiwe bapa kinachorushwa juu ya maji ya ziwa. Kwa hiyo vioo vyake viliundwa kama mapipa yaliyo wazi pande zote mbili, na mionzi ikakusanywa kwa kuteleza ndani yake.

Utabiri ulichukua zaidi ya miaka 20 kuthibitishwa. Setilaiti ya Ulaya EXOSAT ilizikuta eksirei katika nebula ya NGC 1360, habari zilizotolewa mwaka 1985, lakini eksirei hizo zilikuwa zimetoka katika uso wa nyota yenyewe wenye joto kali, wala si katika povu la upepo. ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, iliziona nebula nyingi zaidi, ila picha zake hazikuwa kali vya kutosha, na baadhi ya madai kwamba eksirei zilikuwa zimetanda ndani ya nebula yalikataliwa baadaye. Mwaka 1996 vipimo vya setilaiti ya Japani, ASCA, vilionyesha kwamba eksirei za nebula iitwayo BD+30°3639 zilitoka katika gesi yenye nyuzi milioni 3 hivi, joto lisiloweza kuwa la uso wa nyota ile, lakini hata hapo hakuna aliyeweza kulionyesha povu lenyewe kwa macho.

Chandra na fumbo la joto

Aliyeliondoa pazia ni Chandra, darubini iliyorushwa tarehe 23 Julai 1999 na kupewa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar, mzaliwa wa Lahore, ambaye hesabu zake juu ya kikomo cha uzito wa vibete vyeupe ndizo zilizoeleza kwa nini nyota nyingi huishia hapo. Picha zake hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu ya sekunde ya tao, upana unaolingana na sarafu ndogo inayotazamwa kutoka umbali wa kilomita kadhaa. Mwaka 2000 kundi la Joel Kastner lilichapisha picha ya BD+30°3639 ambamo eksirei zilijaa ndani ya ganda la nebula kama hewa ndani ya mpira, na mwaka 2001 kundi la You-Hua Chu likafanya vivyo hivyo kwa Jicho la Paka, nebula ileile ambayo Huggins aliipitisha katika prizimu miaka 137 kabla. Darubini ya Ulaya XMM-Newton, iliyorushwa Desemba 1999, iliongeza mifano mingine.

Picha hizo zilithibitisha wazo la pepo zinazogongana na papo hapo zikalitia dosari. Upepo wa nyota ya Jicho la Paka huvuma kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, na kwa hesabu ya kawaida ungepaswa kuipa gesi joto linalozidi nyuzi milioni 10. Joto lililopimwa lilikuwa nyuzi milioni 1.7 tu. Maelezo mawili makuu yalitolewa, na bado yanashindanishwa. La kwanza husema kwamba joto husafirishwa na elektroni kutoka katika povu hadi kwenye ganda la baridi, nalo ganda huchemka kwa ndani na kuiongezea povu gesi yake isiyo na joto kali, kama sufuria inayoongezwa maji ya baridi kidogo kidogo ikiwa jikoni. La pili husema kwamba mpaka kati ya gesi mbili hizo haukutulia, kwamba unavurugika na kuzichanganya. Njia ya kuyapima maelezo hayo ni kuchunguza elementi zilizomo katika gesi inayotoa eksirei, na katika BD+30°3639 gesi hiyo ilionekana kuwa na kaboni na neoni nyingi na chuma kidogo, yaani ni upepo wa nyota yenyewe, haujachanganyika sana na ganda.

Ili kutoka katika mifano michache na kufika kwenye kanuni, Kastner na wenzake walianzisha mpango wa kuzichunguza kwa Chandra nebula zilizo karibu, ndani ya umbali wa miaka ya nuru 5,000 hivi, na matokeo ya mwanzo yalitolewa mwaka 2012 kwa nebula 35. Takriban asilimia 70 zilitoa eksirei za aina moja au nyingine. Povu la gesi ya joto lilipatikana katika asilimia 30 hivi, nazo zilikuwa zaidi nebula changa zenye ganda dogo lisilotoboka, jambo linaloonyesha kwamba ganda likipanuka na kupasuka povu hupoteza nguvu na kufifia. Kilichowashangaza watafiti ni nyota zenyewe: karibu nusu yake zilionekana kuwa vyanzo vya eksirei, na nyingi kati ya hizo zilitoa eksirei ngumu kuliko uso wa nyota yenye nyuzi 100,000 unavyoweza kutoa. Huenda baadhi zina nyota wenza wadogo wanaojizungusha kwa kasi na kuwa na angahewa la joto kali kama lile linaloonekana kuzunguka Jua wakati wa kupatwa kwake. Huenda nyingine zina upepo usiovuma kwa mkupuo mmoja, ambao sehemu zake za kasi huzigonga sehemu za polepole karibu na nyota na kuwaka humo humo. Nyota iliyo katikati ya nebula ya Helix, mojawapo ya zilizo karibu nasi kupita zote, hutoa eksirei ngumu za namna hiyo, na mwenza wake, kama yupo, hajaonekana.

Baada ya roketi

Wakati hayo yakitukia, jukwaa la San Marco lilikuwa limekwisha kunyamaza. Roketi yake ya tisa na ya mwisho ya kubeba setilaiti iliruka tarehe 25 Machi 1988, na miguu ya chuma ikabaki imesimama katika maji ya Ngomeni ikiliwa na kutu. Lakini kituo cha antena kilichopo ufukweni hakikufungwa, kwa sababu faida ya ikweta ilibaki palepale. Setilaiti ya Italia BeppoSAX ya mwaka 1996 iliongozwa kupitia Malindi, na mwezi Februari 1997 ikagundua mwanga wa eksirei unaobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama. Swift ya mwaka 2004, AGILE ya 2007, NuSTAR ya 2012 na IXPE ya 2021 zote zimeteremsha data zake kupitia hapo. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, eksirei za angani zimekuwa zikishuka katika pwani ya Waswahili kama shehena inayoshuka bandarini, kisha zikipakiwa tena na kwenda kusomwa kwingine. Suala la nani ananufaika na kituo hicho lilijadiliwa kwa miaka mingi kati ya Nairobi na Roma, hadi makubaliano mapya yalipotiwa saini Trento mwezi Oktoba 2016, na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Roma, iliachiwa angani kutoka kituo cha anga za juu cha kimataifa.

Kigali imeingia katika habari hizi kwa njia nyingine. Mji huo, ulioanzishwa kama kituo cha utawala mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, hauna bahari wala jukwaa la kurushia chochote, na Kiswahili, kilichofika humo pamoja na misafara ya wafanyabiashara na askari wa Kijerumani, kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 tu. Mwaka uliofuata ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mjini Kigali taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya fizikia, ikiwa mshirika wa kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste ambacho Abdus Salam alikiasisi mwaka 1964, mwaka uleule ambao setilaiti ya kwanza ya San Marco ilirushwa. Mwezi Februari 2019 setilaiti ya mawasiliano ya kampuni ya OneWeb ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, maana yake mwelekeo au dira, kwa ajili ya kuwaunganisha na intaneti wanafunzi wa kisiwa cha Nkombo katika Ziwa Kivu. Na baadaye mwaka huohuo RWASAT-1 ikawa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ushiriki wa wahandisi wa Rwanda. Neno la Kinyarwanda lilipanda angani kama lilivyopanda neno la Kiswahili miaka 49 kabla. Tofauti ni kwamba mara hii jina lilikwenda na ahadi ya kitu cha kurudi nyumbani, nacho ni intaneti.

Kwa upande wa eksirei, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hesabu za Uhuru zilihitaji kompyuta zilizojaza chumba kizima na watu walioketi karibu nazo, ilhali vipimo vya Chandra, baada ya muda usiozidi mwaka mmoja mikononi mwa walioviomba, hufunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti. Faili la BD+30°3639 la mwaka 2000, likipakuliwa leo katika kompyuta ya mwanafunzi wa Nyarugenge mjini Kigali, halifunguki kama picha bali kama orodha ndefu, ambayo kila mstari wake ni chembe moja tu ya eksirei iliyokigonga kigunduzi: wakati ilipofika, mahali ilipogonga na nishati iliyokuwa nayo. Povu la upepo wa nyota huonekana pale tu msomaji anapozipanga chembe hizo mwenyewe, akaamua zipi ni za nyota, zipi ni za gesi na zipi ni kelele. Kazi hiyo ya kuchambua ndiyo iliyokosekana Ngomeni mwaka 1970, na haidai roketi, wala bahari, wala ruhusa ya kupita langoni.

Setilaiti ya Uhuru iliingia tena hewani mwezi Aprili 1979 na kuungua, ikiacha jina lake katika herufi moja. Nyota ya nebula ya Helix hupita juu sana katika anga la Kigali nyakati za usiku za mwezi Septemba na Oktoba, nyuzi 19 hivi tu kusini mwa utosi. Uhuru ilipita chini yake katika kila mzunguko bila ya kuihesabia eksirei hata moja inayojulikana, na swali la kwa nini nyota hiyo inazitoa lingali wazi kwa atakayelifungua faili lake.